Saluni ya wifi na ile saa ya ukutani

Daftari la saluni ya wifi yangu lilikuwa na kurasa tatu tu zilizoandikwa. Ya kwanza majina ya anaowadai, ya pili namba za simu za wasusi waliokuja wakaondoka, ya tatu mtoto wake kachora nyumba na jua. Zilizobaki nyeupe pee. Na hapo saluni ina mwaka wa tatu, Jumamosi imejaa mpaka watu wamekaa nje kwenye benchi, mpita njia anasema huyu dada anapiga hela. Halafu huyohuyo dada ananipigia simu saa mbili usiku, wifi nina shida, mwenye frem anataka kodi yake Ijumaa na mimi nina laki mbili na themanini.

Kodi yenyewe ni laki na nusu kwa mwezi, lakini Dar hii nani anapokea kodi ya mwezi, mwenye frem anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani laki tisa. Nilimtumia laki mbili nilizokuwa nazo. Laki nne akachukua kwa wale wakopeshaji wa mtaani, kausha damu, elfu kumi na sita kila siku kwa siku thelathini na tano. Piga mwenyewe, ni laki tano na sitini. Elfu ishirini iliyobaki mwenye frem alikubali kusubiri, na aliisubiri kwa kuja kila asubuhi.

Mimi sio mtaalamu wa biashara, tuelewane. Nashika vitabu kwenye duka la spea Gerezani, najua kilichoingia, kilichotoka na nani anadaiwa, basi. Ila siku ile nilimwambia Jumapili nakuja Tabata na kalamu, na yeye akanyamaza kidogo halafu akasema karibu, ile karibu ambayo unaisikia kabisa kwamba sio karibu.

Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwanini. Mimi ni dada wa mume wake! Wifi wa mtu kuja kukagua hela za mtu, mwenzangu ukishasema hivyo tu mtaani hapo watu wanasogeza viti. Alidhani nimetumwa. Na alikuja kuniambia mwenyewe tukiwa tunamenya viazi, akasema wifi nikiandika, kaka yako atasoma, akishajua napata ngapi ada ya watoto inakuwa yangu, na gesi inakuwa yangu, na mwisho na mimi mwenyewe nakuwa wangu. Nilicheka lakini hakuwa anatania. Na sio kaka tu, mwenye frem naye akijua saluni inaingiza atapandisha, na TRA nao. Kwahiyo hesabu zote alikuwa anaziweka kichwani, na kichwani humo zilikuwa zimechanganyikana na hela ya unga na mchango wa harusi ya binamu yake na mchezo wa kila wiki.

Hili sijawahi kuliona kwenye zile semina za ujasiriamali wanazotangazaga. Wanakwambia tunza kumbukumbu kana kwamba watu hawajui kuandika. Watu wanajua kuandika, tatizo ni nani atakuja kusoma. Tukakubaliana daftari jipya linakaa saluni kwenye droo yenye kufuli, nakala napigiwa picha mimi kila Jumapili, na kaka haambiwi kitu. Mpaka leo hajaambiwa (hasomi blogu, anaangalia mpira). Na wifi ameniruhusu niandike haya ila nisitaje jina la saluni, sawa wifi, silitaji.

Sasa nje ya saluni kulikuwa na bango. Tunasuka mitindo yote, wivingi, dawa, kucha, kope, mekapu, kuosha nywele, dredi, nywele za asili, watoto pia, na kwa chini kabisa vocha. Mtaa huo nilihesabu saluni sita na zote zinasema hivyohivyo. Lakini ukikaa pale ndani siku mbili unaona kitu. Wanaokuja kusuka rasta ni wa mtaa huohuo, akikuta foleni anahamia mlango wa pili. Wanaokuja kwa dredi wanatoka Gongo la Mboto, Mbagala, kuna mmoja anatoka Kibaha, anapanda magari mawili na anasubiri. Kwasababu wifi ana mkono wa dredi, hilo mimi sio wa kumsifia bure maana kuna mengine simsifii, ila dredi anazijua. Za kwake mwenyewe zimefika kiunoni. Anaweza kushika nywele zilizokatika kwenye mzizi kwa kung'ang'aniwa na jeli, akakaa nazo na sindano ya kroshia moja moja, akazirudisha. Na mtu mwenye nywele za asili zisizo na dawa anamwambia ukweli, hizi tusizisuke leo, tuzipe stimingi kwanza, yaani mvuke, ngozi imechoka.

Nikamuuliza, katika vyote hivi kipi kinakulipa? Akajibu bila kufikiri, knotless, zile za rasta zisizo na fundo kwenye mzizi. Elfu arobaini na tano kichwa kimoja, wifi, hakuna kinachoifikia.

Basi nikaenda Kariakoo nikanunua saa ya ukutani, elfu kumi na mbili, ile ya duara yenye picha ya maua, nikaigongelea juu ya kioo cha katikati. Sheria ikawa moja: mteja akikaa andika saa, akiinuka andika saa, andika alicholipa na vitu alivyotumia. Wiki mbili tu.

Alhamisi moja nilichukua ruhusa kazini nikakaa pale kwenye kona na daftari. Binti mmoja wa knotless ndogo alikaa saa nne kasoro robo asubuhi. Msusi akaanza nyuma, msusi wa pili akaingia ubavuni. Saa saba umeme ukakatika, kumbe LUKU imeisha, mtu akatumwa. Watu wakala chipsi. Msusi mmoja akapigiwa simu na baba mtoto wake, ile simu ilikuwa na dakika ishirini na mbili, naijua kwasababu nilikuwa naangalia saa. Binti aliinuka saa kumi na moja kasoro robo jioni, amependeza kweli, kajipiga picha, kalipa arobaini na tano, kaenda. Masaa saba. Na ndani ya yale masaa saba kijana mmoja wa dredi alichungulia akaona viti vyote vina watu akaondoka. Halafu mwingine. Halafu dada mmoja wa ofisini, amevaa kitambulisho cha benki shingoni, akauliza itachukua muda gani, akaambiwa subiri kidogo tu, akaangalia ile saa yangu ya maua akasema nitarudi. Hakurudi.

Nikachora safu mpya kwenye daftari nikaiandika WALIOONDOKA. Mpaka leo ndo safu ninayoipenda kuliko zote.

Tuipige hiyo knotless basi. Arobaini na tano ilikuwa pamoja na rasta, pakti tano za elfu tatu mia tano, hiyo ni kumi na saba na mia tano. Wasusi wanachukua asilimia arobaini wanagawana, na hapa ndo nilishika kichwa, asilimia arobaini ya arobaini na tano yote! Yaani elfu kumi na nane, wifi alikuwa anawalipa asilimia mpaka ya rasta alizonunua yeye kwa hela yake. Inabaki elfu tisa na mia tano. Igawe kwa masaa saba ambayo kiti kimekaliwa, haifiki elfu moja na mia nne kwa saa, na hapo sijatoa kodi wala umeme.

Ritachi ya dredi, yaani kuosha na kusokota mizizi iliyoota, elfu ishirini. Jeli na mafuta tuseme elfu moja na mia tano, msusi elfu nane, inabaki kumi na mia tano. Masaa mawili. Elfu tano mia mbili na hamsini kwa saa. Karibu mara nne! Na mtu wa dredi anarudi baada ya wiki nne, tano, sita, nywele zinaota zenyewe huhitaji kumbembeleza, wakati mwenye knotless anakaa nazo miezi miwili mpaka mitatu na akirudi anaweza kurudi kwa jirani.

Nilipomuonyesha alikaa kimya, akazivuta zile karatasi akapiga upya yeye mwenyewe kwa simu yake, mara mbili. Halafu akasema kwahiyo miaka mitatu nilikuwa nauza nini? Nikamwambia ulikuwa unauza masaa wifi, ila ulikuwa huyahesabu.

Tukapiga na gharama za mlango kufunguka. Kodi laki na nusu, LUKU elfu sitini, maji ishirini, taka na mlinzi kumi, bando kumi na tano. Hiyo ni laki mbili na hamsini na tano. Halafu nikaongeza mshahara wake laki tatu, akashangaa, mshahara wangu? Ndio wako, wewe hufanyi kazi pale? Jumla laki tano na hamsini na tano, gawa kwa siku ishirini na sita, elfu ishirini na moja na ushee kwa siku. Ina maana ritachi mbili tu kwa siku zinakaribia kubeba saluni nzima pamoja na mshahara. Mbili! Na Alhamisi ile waliondoka watatu.

Sasa mimi hapo nikajiona profesa. Nikasema futa bango lote, andika dredi na nywele za asili tu, pandisha ritachi iwe elfu ishirini na tano, na asilimia ya wasusi itolewe baada ya kutoa rasta. Vyote kwa mpigo. Na tulianza lini? Januari. Mtu mzima na akili zangu nilipandisha bei Januari, mwezi ambao Tanzania nzima inatafuta ada na viatu vya shule na walioenda Moshi na Bukoba Desemba wanarudi wamepauka. Wiki tatu saluni ilikuwa inasikika feni. Siku moja wifi alinitumia picha kwenye WhatsApp, viti vitatu vitupu na ile saa ya ukutani kwa juu, hakuandika neno lolote. Nilielewa.

Na msusi mmoja akaondoka. Yeye kwa mtazamo wake tumemkata mshahara, kumi na nane imekuwa kumi na moja, umueleze nini. Nilijaribu kumuonyesha kwamba kwa masaa yaleyale saba anaweza kufanya ritachi tatu akapata zaidi hata kwa bei ya zamani, akaniambia dada mimi dredi sizipendi, zinaniumiza vidole. Akafungua kwake milango miwili mbele, na wateja wa knotless akaenda nao. Wifi alilia kabisa siku ile. Ajabu ni kwamba baada ya miezi kama miwili yule binti alianza kutuletea watu wa dredi, maana yeye hafanyi, na sisi mtu akija anataka knotless za harusi tunampeleka kwake. Sikulipanga hilo wala sitajifanya nililipanga. Bei tulirudisha ishirini mpaka mwezi wa tatu, ndo ikapanda taratibu, wateja wa zamani wakaambiwa mwezi mzima kabla.

Apointimenti nayo ilikuwa na vita yake. Tulisema mtu anayetaka nafasi ya Jumamosi atume advansi ya elfu tano kwenye lipa namba. Vijana hawakuwa na shida, wanatuma wanakuja. Lakini kuna mama mmoja, mteja wa tangu siku ya kwanza, mtu wa kanisani kwao, alisema kwahiyo mimi nalipia kiti kama daladala? Akasusa wiki sita. Wifi akaenda kwake nyumbani na mafuta ya nazi kwenye chupa, akamwambia mama yangu wewe hutumi advansi, wewe nipigie tu. Mimi kwenye hesabu zangu huo ni udhaifu, kanuni ni kanuni. Ila yule mama ndo alileta mabinti watatu wa ndugu zake kuanzisha dredi, kwahiyo nimenyamaza.

Kilichobadilisha kabisa mambo ni kalenda, na hii tuliipata baada ya kuwa na daftari la karibu mwaka mzima. Angalia, shule zetu nyingi za serikali msichana ananyolewa nywele tangu darasa la kwanza. Kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba, kidato cha sita Mei. Binti anatoka pale kichwa kina sentimita mbili na kwa mara ya kwanza maishani nywele ni zake, anataka kuzifuga, hajui azifanyeje, mama yake anataka kumpeleka kwenye dawa. Hao ndo wateja wa saluni ya nywele za asili! Walikuwa wanapita mlangoni kila mwaka hatuwaoni. Novemba iliyofuata wifi akabandika karatasi tu, umemaliza shule, njoo tuanze nywele zako vizuri, stimingi na mafuta elfu kumi. Hakuna faida kubwa hapo, ila Aprili wengi walikuwa wameanza dredi fupi au wanakuja kusukwa mabutu na twende kilioni za nywele zao wenyewe, na wakaja na wadogo zao.

Halafu harusi. Huku kwetu zinabanana mwezi wa Shaabani kabla watu hawajavunja jungu, kisha Ramadhani kimya, kisha Idi watu wanakanyagana. Na hiyo huwezi kunakili tarehe za mwaka jana, Ramadhani inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwahiyo Desemba kila mwaka tunakaa na kalenda mbili tunachora upya. Wanaume tukawahamishia jioni, wanatoka kazini saa kumi na moja, wanakaa wenyewe, maana kumbe walikuwa wanaogopa kukaa katikati ya wanawake wanasikiliza umbea, mmoja alisema mwenyewe.

Kodi ya frem ilibaki ndo jinamizi. Nilimchongeshea kibubu kwa seremala, cha mbao, hakina mlango ni tundu tu, elfu sita kila siku kabla hajafunga. Siku ishirini na sita ni laki moja na hamsini na sita, miezi sita ni laki tisa na thelathini na sita, inatosha na elfu thelathini na sita za soda. Kwanini isikae kwenye simu? Kwasababu ya kwenye simu unaitoa saa tano usiku ukiwa umelala, kibubu mpaka utafute nyundo. Siku ya kukivunja mwenye frem alihesabiwa noti za elfu mbili mbili mpaka akachoka, akasema siku nyingine nitumie tu kwa simu mama.

TRA tulienda pia. Alikuwa anatetemeka, ila nilimuonyesha kwanza, kwa viwango vile vilivyopitishwa 2019 mfanyabiashara mdogo wa mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu analipa 100,000 bapa, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Mauzo ya milioni 5 basi, mmoja laki moja, mwingine elfu thelathini. Sisi tulikuwa juu ya hapo kwahiyo kodi yetu sio hiyo, lakini alielewa daftari halimchongei, linamtetea. Na inalipwa kwa awamu nne.

Kuna kitu nilikikataa. Alitaka kuanza kuuza mafuta yake, nyonyo na nazi na rozmeri kidogo, chupa nzuri, lebo yenye jina lake, ameshaongea na mtu wa lebo. Nikamwambia tulia, kutumia kichwani kwa mteja wako ni kitu kimoja, kufungasha na kuuza kama kipodozi huko ni TBS, shirika la viwango, tangu 2019 vipodozi vilihamia kwao, kuna usajili na vipimo, na sisi mkopo wa kausha damu tumetoka kuumaliza juzi tu. Amekasirika na bado amekasirika. Sasa hivi yuko na wenzake wanne wanaunda kikundi waombe ile mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri ambayo nne ni ya wanawake, haina riba, na anasema akipata ataenda TBS bila mimi. Aende.

Mwezi wa nane mwaka jana tulifanya ritachi hamsini na nane, mwaka kabla ya hapo mwezi uleule wiki mbili za daftari zilionyesha kumi na moja. Sio utajiri. Kiti cha tatu bado siku nyingine kinakaliwa na mkoba.

Wiki iliyopita simu ikalia saa mbili usiku, jina lake, moyo ukashtuka. Wifi, frem ya pembeni imebaki wazi. Mwenye nayo anataka laki mbili kwa mwezi, mwaka mzima kwa mkupuo. Kabla sijasema kitu akaendelea, nimeshapiga, haitoi, kwanza Jumanne na Jumatano viti vyangu hivihivi havijai, ninunue ukuta mwingine wa kutundika saa? Nimemkatalia. Nimekupigia tu nikuulize kitu kimoja, Jumanne hivi watu wenye dredi wanaendaga wapi?